Walioishia Ukingoni

Kwenye karatasi barabara hii ina mita nne.
Chengo ashika ncha ya utepe huku, mimi kule,
tunasoma tisa na nusu.
Lori la magogo lilikwepa dimbwi,
la pili likakwepa makovu ya la kwanza,
la tatu likajitafutia pakavu pake,
na hivyo ndivyo msitu ulivyosogezwa, bila shoka,
kama mwenye kitanda anayebanwa ukutani na mgeni.
Naandika: tisa na nusu.
Fomu haiulizi imekuwaje.

Fomu ina visanduku vitatu:
ndogo, wastani, kubwa.
Ilitolewa nakala Malindi, duka lililo karibu na soko,
wino umepauka upande wa kulia,
hata "kubwa" yasomeka kama mnong'ono.

Tuliacha barabara, tukahesabu visiki vya mihuhu.
Hatua kumi ndani: kumi na kimoja.
Hatua mia: vitatu.
Hatua mia tano hakuna,
hapo mihuhu bado imesimama, haijui bei yake.
Chengo akasema, Basi msitu wa Jilore unaanzia hapa.
Kule tulikotoka ni nini?
Nikakosa jina.

Kilomita ya sita, kalavati limezibwa na majani na chupa za soda.
Kushoto maji yametuama, mbu wamehamia na jamaa zao.
Kulia, kidimbwi walimotagia vyura
kimepasuka kama kisigino cha mkulima.
Mvua ilikuwa ile ile moja.
Barabara imeigawa
kama urithi uliogawanywa bila shahidi.

Lakini nisiseme uongo.
Mwaka juzi, usiku, wifi yangu Dzendere
alipitishwa hapa hapa juu ya pikipiki,
uchungu umemshika, mumewe akimulika kwa simu.
Mtoto alizaliwa hospitali, chini ya taa.
Wakamwita Njira; kwetu ndiyo njia.
Nilitafuta sanduku la Njira. Halimo.

Usiku wa mwisho tulifanya jambo la kitoto:
tulichekecha majivu ya jikoni kwa walinzi,
tukayatandaza ukingo hadi ukingo, upana wa mkeka,
tukaenda kulala.
Alfajiri tukaja kusoma.
Nyani amevuka, mwenye nyumba, hana haraka.
Kanu amevuka mara mbili, mbio.
Baiskeli ya mkaa, tairi la nyuma limekwisha meno.
Na nyayo za sengi,
yule mdogo wa pua ndefu na makalio ya dhahabu,
vidole vyembamba kama mwandiko wa mtu anayebania karatasi:
zimetoka majanini,
zimefika pale kivuli kinapokoma,
zimezunguka, zimerudi.
Hatua chache mbele, nyingine. Zimefika. Zimerudi.
Nilihesabu safari kumi na nne.

Idadi ya waliovuka: sifuri.
Chengo akachungulia juu ya bega langu.
Sifuri ni ndogo, au ni kubwa?

Mapendekezo, wametuachia mistari miwili.
Nikaandika kwa herufi za mchwa:
lango lifungwe masika yote, kalavati lizibuliwe,
barabara irudi mita nne,
mirihi ya huku na ya kule ikaachwe
ishikane tena mikono juu, kivuli kisikat

Nafasi ikaisha hapo.

Nikageuza karatasi. Nyuma kweupe,
kama majivu kabla hayajasomwa.
Nikachora ukingo,
nikaanza kuchora nyayo, safari moja moja,
Chengo akinitajia, Kulia kidogo, hapo, rudisha.
Ya kumi na nne haikuenea.

Kwa mbali lori la asubuhi likabadilisha gia.
Tukakusanya utepe, kalamu, chekeche la watu,
tukasogea ukingoni.